Msimu wa Chura Mhunzi

Zama zile ambapo majembe ya Wachisi, wahunzi wa Uyao, yalisafiri mabegani mwa watu tangu Ziwa Nyasa mpaka Kilwa na kubadilishwa kwa kaniki, chumvi na shanga nyekundu, alikuwako mhunzi mmoja aitwaye Kalembo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko ilivyompasa, na mwenye kasoro moja ambayo ukoo wake uliihesabu kuwa sifa: hakuweza kuvumilia jambo lisemwe nusu. Ukimwambia chuma kimeiva, atakuuliza kimeiva kiasi gani, ni wekundu wa damu au wa jua linapozama. Watu walimcheka kwa hilo, lakini majembe yake hayakuvunjika.

Alipotimiza miaka ishirini na minne alivamiwa njiani, akafungwa pamoja na wabebaji wake, akapelekwa Kisiwa cha Msumbiji na kutumbukizwa katika merikebu ya Wareno iliyokuwa ikienda Brazili. Safari ilichukua siku sabini na tatu. Aliyefungwa naye mnyororo mmoja alikuwa Mmakua aitwaye Mwaliya, mtu mrefu, mtaratibu wa kusema. Siku Kalembo aliposhikwa na homa, Mwaliya alimpa nusu ya maji yake. Siku ya pili alimnyima, akamwambia wazi kwamba leo kiu imemshinda. Kalembo aliupenda ukweli ule kuliko hata maji.

Huko Brazili, watu waliovuka bahari katika merikebu moja waliitana malungo, na neno hilo lilikuwa zito kuliko ndugu. Malungo hamwoi binti wa malungo wake, hamshitaki kwa yeyote, wala hamwiti kwa jina. Jina ni la kuitwa na watu wa kando. Kwa miaka tisa Kalembo na Mwaliya hawakutamkiana majina, si kazini katika mashamba ya miwa, si siku walipokata kamba na kukimbilia milimani, wala si katika kambi ya watoro waliyoianzisha huko.

Kambi hiyo ilikuwa katika bonde la Taquara. Pande tatu ilizungukwa na majabali, na upande wa nne lango la magogo, na chini yake kinamasi chenye kidimbwi kikubwa. Kwa hesabu ya mwisho walikuwa watu sitini na watatu. Walilima mihogo na mahindi, wakafuga kuku, wakasali kila mtu kwa namna yake. Mwaliya alimwoa mwanamke mmoja shupavu, Benedita, aliyezaliwa utumwani hukohuko na ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, mume wake akiwemo.

Lakini bila chuma kambi ile isingedumu. Walihitaji majembe, mapanga na ncha za mikuki. Mkaa walikuwa nao, na vyuma vikuukuu viliokotwa kwenye njia za baghala, wanyama wale wa mizigo waliozaliwa na punda na farasi. Taabu ilikuwa sauti. Nyundo ikigonga fuawe milimani husikika mbali mno, na kwenye kingo za milima ile walipita watu wa Kapiteni Teodoro, ambao kazi yao ilikuwa kuwinda watoro. Mwaka wa kwanza Kalembo hakufua hata msumari. Alikaa mbele ya fuawe yake kama mtu aliyefiwa.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na jioni moja kambi nzima ikashika silaha. Kutoka kinamasini ilisikika nyundo: ko, ko, ko. Pigo moja, kimya cha pumzi moja, pigo jingine. Kalembo aliteremka na mkuki wa mti, amekasirika, akitaka kumwona mhunzi gani huyo aliyeweka kiwanda mlangoni mwa mwenzake bila hodi. Alirudi baadaye, matope yamemfika kiunoni, akicheka mpaka machozi. Mhunzi alikuwa chura wa rangi ya udongo, asiyezidi kiganja, amekaa ndani ya bakuli la tope alilolifinyanga mwenyewe.

Hapo ndipo kambi ilipopata sheria yake kubwa kuliko zote. Chura akipiga, mhunzi apige. Chura akinyamaza, nyundo iwekwe chini, hata kama chuma ki motoni na kitaharibika. Kalembo alijifunza mwendo wa chura yule mpaka mapigo yake yakaingia katikati ya mapigo ya kinamasi, na mtu aliyesimama juu ya majabali asingeweza kuyatenganisha. Benedita alivuta mivukuto, Mwaliya akashika koleo, na kwa misimu minne walifua walichotaka.

Ila chura yule haimbi mwaka mzima, na ilimpasa Kalembo ajue siku zilizobaki. Kalenda yake ikawa viluwiluwi. Kila asubuhi alishuka kidimbwini na kibuyu kilichokatwa, akachota, akatazama. Wakiwa bado ndani ya mabakuli ya tope, msimu ni mchanga. Mvua ikibomoa kuta wakaingia kidimbwini, umefika nusu. Wakiota miguu ya nyuma, aanze kumaliza kazi kubwa. Akimwona wa mwisho ameota miguu ya mbele, moto uzimwe, fuawe ifunikwe kwa ngozi, na kipupwe chote pasiguswe nyundo. Aliwajua pia vyura wengine wa bonde lile: yule anayebeba watoto wake mgongoni, yule anayefua mayai yake yakawa povu jeupe, yule mdogo anayepiga mbinja kama mchunga ng'ombe. Lakini huyu mhunzi alimpenda kama mtu wa ukoo wake, na hakuona haya kulisema.

Mwaka wa tisa tangu merikebu, mwezi Machi, Kalembo alikwenda njia ya baghala kutafuta vyuma, akanaswa. Watu wa Kapiteni Teodoro walimfunga kwenye nguzo siku nane. Waliuliza neno moja tu: kambi iko wapi. Walimpiga kwa mjeledi wa ngozi mbichi, wakamtia chumvi katika vidonda, na siku ya tano wakamchoma chapa ya mtoro begani. Hakuwajibu kitu. Alitaja majina ya babu zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakadhani amerukwa na akili. Siku ya nane walichoka wao kabla yake. Wakamfunga pete ya chuma kifundoni, wakaiunganisha kwa mnyororo na gogo la kukokota, wakamwacha uani auzwe kwa yeyote atakayemtaka.

Aliyemtaka na kumnunua alikuwa Daktari Lindhorst. Huyu alikuwa Mzungu kutoka nchi ya baridi, mwembamba, mwekundu wa pua, aliyevaa miwani na kofia pana ya ukindu, na aliyevuka bahari kwa hiari yake mwenyewe kuja kutazama vyura. Watu wa mlimani walimwona kichaa asiye na madhara. Aliteleza katika kila kijito alichokikuta, na wabebaji wake walikuwa wakiyanywa kwa siri maji makali ya miwa aliyoyahifadhia wanyama wake, chura akiwemo ndani. Alikuwa na chupa kumi na mbili, kila moja na aina yake ya chura mfu. Alijua rangi zao, vidole vyao na mifupa yao. Hakujua wakiwa hai wanasemaje.

Siku za mwanzo za Aprili, katika dimbwi la kando ya njia, Kalembo alimwona huyo bwana wake mpya akichora viluwiluwi wa mwisho wa msimu. Alimtazama kwa muda, kisha kasoro yake ikamshinda.

"Mdomo umeuweka mbele," akasema. "Uko chini. Mgeuze umtazame."

Daktari alimgeuza yule mdudu kiganjani, akasogeza miwani, akaona safu za vijino vidogo vilivyopangwa kama meno ya tupa. Alifuta mchoro wake, akachora upya. Kisha akamtazama yule mtumwa mwenye gogo mguuni, akamuuliza jina lake. Si jina la Kireno alilobatizwa nalo bandarini, jina lake.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Watumwa wenzake walimwita José, watu wa kambi walimwita Mhunzi, na malungo wake alimwita malungo. Kalembo alilitaja jina lake polepole, na Daktari akaliandika, akamsomea, akauliza kama ameliandika sawasawa.

Miezi minne walisafiri pamoja kwa baghala kati ya mashamba ya milimani, kipupwe kikiwa kimeingia na vyura wamejificha. Gogo halikuondolewa, kwa kuwa sheria ya wilaya ilikataza mtoro kufunguliwa, lakini Daktari alimpandisha juu ya mnyama na gogo likawekwa mbele ya tandiko. Walijadiliana juu ya chura mhunzi tu. Wale kumi na mmoja wengine waliahirishwa mpaka mvua. Kalembo aliiga mlio, Daktari akahesabu mapigo kwa saa yake ya mfukoni. Kalembo alikunja kidole kuonyesha ukubwa wa kiluwiluwi kila wiki, Daktari akapima kidole. Kambi haikutajwa kamwe, na Daktari, mwungwana kwa namna yake, hakuiuliza.

"Hakuna mtu Ulaya nzima anayejua haya," alimwambia siku moja. "Kitabu kitakapochapwa, nitaandika kwamba ni Kalembo aliyenifundisha."

Ni vigumu kuyasema haya bila kumhurumia. Mtu aliyepigwa siku nane asiitoe siri alianza kungoja saa ya kuulizwa kama mtoto anavyongoja sikukuu. Alikuwa fundi, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazama kama fundi.

Mwezi Julai walifika kwenye shamba moja kubwa la kahawa, na mwenye shamba akawaandalia chakula cha mchana barazani. Walikuwapo wageni sita. Bibi wa nyumba, mwenye gauni la hariri nyeusi na upepeo wa manyoya, alitaka kusikia habari za vyura, na Daktari, akiwa amechangamka, akasema yuko mtu awezaye kuzieleza kuliko yeye. Kalembo aliitwa. Gogo lilikuwa zito, hivyo Daktari akaagiza aletewe kiti, jambo lililowafanya wageni wawili wakohoe.

Kalembo akaketi, mikono magotini, akaeleza.

"Dume hutangulia. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo hushuka kutoka mitini, huchagua ukingo wenye maji ya kufika kifundoni. Hujenga bakuli la udongo kwa mikono yake, kisha huzunguka ndani yake akililainisha kwa tumbo, mpaka ukuta uwe laini kama chungu kabla ya kuchomwa. Ndipo huita." Akaita, ko, ko, ko, na mbwa wa nyumba wakainua vichwa. "Akija dume mwingine hupigana, na kila mmoja ana mwiba kwenye kidole gumba. Jike akija halii. Hulizunguka bakuli, huugusa ukuta wake. Likiwa na ufa huondoka."

"Namfahamu mwanamke wa namna hiyo," akasema bibi wa nyumba, na wageni wakacheka.

"Na watoto?" Daktari akamtia moyo.

"Siku ya nne hutoka, wembamba kama uzi wa kaniki. Wakikua huwa na urefu wa pingili mbili za kidole, tumbo rangi ya kutu, mkia una madoa meusi. Husugua ukoga wa mawe kwa meno yao."

Mwishoni mwa meza alikaa mzee mmoja mwenye koti la ngozi na sauti ya upole, aliyekuwa akimenya chungwa tangu mwanzo bila kulila. Kalembo hakumjua, maana wale waliomfunga nguzoni walikuwa vijana wa mzee huyu, si yeye mwenyewe. Alikuwa Kapiteni Teodoro.

"Umeeleza vizuri, fundi," akasema. "Nimebakiwa na swali moja. Wananyamaza lini?"

Kalembo alifurahi. Watu wote huuliza chura huanza lini kuimba. Ni mtu makini tu anayeuliza huacha lini.

"Viluwiluwi wa mwisho wakiota miguu ya mbele. Mwisho wa Machi, au mvua zikichelewa, katikati ya Aprili. Baada ya hapo hapigi tena mpaka mvua mpya."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mheshimiwa."

Kapiteni akalitazama chungwa lake. "Ajabu," akasema. "Maana mwezi uliopita, usiku wa Mtakatifu Yohana, nililala juu ya majabali ya Taquara, na nilimsikia akipiga mpaka usingizi ukanichukua. Nilidhani ni chura. Tangu miaka mingi nadhani ni chura."

Kalembo hakuelewa. Sheria ilikuwa sheria. Nani angepiga nyundo mwezi wa Juni? Lakini alielewa alichokifanya, na alielewa kwamba kimeshafanyika.

"Labda yuko chura mwingine," akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake. "Wapo wengi wanaofanana mlio."

"Hapana, Kalembo," Daktari akadakia, naye tayari amefungua daftari, kwa kuwa alipenda ukweli kama Kalembo mwenyewe alivyoupenda. "Tarehe tisa Mei uliniambia, nimeandika hapa: hakuna chura mwingine mwenye mlio huu, wala anayeimba wakati wa baridi. Ukaapa kwa babu yako."

Kapiteni alikifuta kwa kitambaa kisu alichomenyea chungwa, akainuka, akamshukuru bibi wa nyumba kwa chakula. Alipopita karibu na kiti akamshukuru na Kalembo pia.

Kabla vyombo havijaondolewa mezani, watu arobaini walikuwa wanapanda farasi uani, wenye magobori, mapanga na kipipa cha baruti juu ya baghala. Kalembo hakungoja. Aliingia nyuma ya banda la kukaushia kahawa, akalibeba gogo kwenye bega lilelile lenye chapa, akakimbia.

Njia ya farasi ilizunguka mlima. Njia ya kinamasi ilikata moja kwa moja. Mtu mwenye miguu huru angewatangulia kwa nusu siku. Kalembo alikimbia mchana ule mpaka giza, akatambaa usiku kucha katika matete, gogo likimzamisha kila alipokosea hatua, pete ya chuma ikimla kifundo mpaka kwenye mfupa. Mara mbili alitaka kulia kwa sauti ili kambi imsikie, lakini kambi ilikuwa mbali bado. Alfajiri, akiwa upande wa pili wa kidimbwi na lango analiona, alisikia mlio wa kwanza wa gobori.

Watu wa Taquara hawakufa kikondoo. Mapanga ya Kalembo na mikuki ya Kalembo iliwazuia askari wa Kapiteni langoni tangu jua linachomoza mpaka lilipofika utosini. Magogo yalishika moto, wakayazima kwa udongo. Benedita aliwapigia kelele wanaume waliorudi nyuma mpaka wakaona aibu kuliko hofu, naye akaangushwa kwa risasi akiwa bado anawatukana. Mwishowe kipipa cha baruti kilivingirishwa mpaka chini ya lango, na lango likaruka pamoja na waliokuwa nyuma yake. Kalembo aliona yote hayo akiwa ndani ya tope mpaka kifuani. Askari wawili walimkuta hapo, wakamvuta kwa mnyororo wake mwenyewe, wakamtupa katikati ya mateka.

Waliokufa walikuwa kumi na tisa. Kumi na mmoja walipanda majabali wakapotea, na hakuna aliyewaona tena. Waliobaki walifungwa kamba moja, na miongoni mwao alikuwamo Mwaliya, paji la uso limechanika, mikono nyuma. Alimwona Kalembo, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepokewa mzigo.

"Malungo," akasema. "U hai. Tulikuwa tunakuja kukuchukua."

"Kunichukua wapi?"

"Wachunga baghala walituletea habari. Kwamba uko na Mzungu, na una chuma kinene mguuni, na kwamba mwezi wa Agosti mtapita bonde la pili. Nikafua tindo za kukatia. Tatu, maana chuma kile si cha tindo moja. Sikuweza kungoja mvua. Benedita alinikataza, akaniambia sheria ni sheria. Nikamwambia jioni tatu nne haziwezi kumuua mtu. Sasa watazame. Mimi ndiye niliyewaua hawa, malungo. Nyundo yangu ndiyo iliyowaleta."

Kalembo alimtazama. Ilikuwa rahisi mno. Angeinamisha kichwa tu, na mzigo wote ungebaki pale ulipojituliza wenyewe, begani kwa mtu aliyekwisha kuukubali. Hakuna aliyekuwapo barazani ambaye angekuja kumweleza Mwaliya ukweli. Na malungo wake angekufa akimwita malungo.

Lakini hakuweza kuvumilia jambo lisemwe nusu.

"Si wewe," akasema. "Walikusikia, wakadhani ni chura. Wangeendelea kudhani hivyo. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba chura halii mwezi wa Juni."

Mwaliya alimtazama mgongo uliokuwa wazi, wenye makovu ya Machi yaliyopishana, na macho yake yakajaa huruma.

"Walikupiga sana?"

"Hawakunipiga."

"Walikufanya nini?"

"Waliniketisha kwenye kiti," akasema Kalembo. "Wakaniuliza juu ya viluwiluwi. Nikawaambia yote."

Mwaliya aliendelea kumtazama, kama anayengoja maneno mengine yaje baada ya hayo, kisha akageuza uso wake upande wa lango lililokuwa linaungua.

Daktari Lindhorst alifika alasiri. Aliona maiti, akavua kofia, akalia kwelikweli, na haina maana kumtukana kwa machozi yake. Alimdai mtu wake kutoka kwa Kapiteni, na kwa kuwa kifundo kilikuwa kimeoza akaamuru chuma kikatwe, sheria au si sheria. Askari mmoja alileta tindo alizozikuta katika kiwanda cha wahunzi. Zilikata vizuri. Kalembo alisikia kwa mguu wake jinsi makali yalivyopozwa kwa maji sawasawa, si laini wala si ya kuvunjika, kama alivyomfundisha Mwaliya mwenyewe. Ilitosha tindo moja. Zile mbili zilirudishwa mfukoni mwa askari.

Mateka walitembezwa siku tatu mpaka kivukoni, Kalembo akifuata nyuma ya baghala wa Daktari, huru miguu, asiyeitwa na mtu. Kila jioni alimpelekea Mwaliya maji, na Mwaliya aliyanywa, maana kiu ni kiu. Kivukoni kamba iligawanywa. Watu wa kwenda mashamba ya kusini wakaingizwa mtumbwini. Mwaliya alipokuwa anakanyaga ubao aligeuka.

"Kwaheri, Kalembo," akasema.

Alilitamka vizuri, kila herufi mahali pake. Kalembo alibaki ukingoni mpaka mtumbwi ukafika ng'ambo, na hata baada ya hapo. Daktari alidhani wameagana kwa heshima.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Daktari alimkalisha mbele ya zile chupa kumi na moja zilizobaki na kalamu tayari mkononi. Kalembo alisema hajui. Alipoulizwa kuhusu yule anayebeba watoto mgongoni alisema hajui. Kuhusu yule wa povu, yule wa mbinja, hajui. Usiku dirisha lilijaa sauti zao zote, na Daktari akamwonyesha dirisha kwa kidole, akimsihi. Kalembo alitazama mikono yake. Alikufa miaka sita baadaye katika mji wa pwani, kwa kifua, akiwa mtumishi mwaminifu asiye na maneno.

Kambi ya Taquara haimo katika kitabu chochote. Kapiteni aliandika barua ya mistari minne, nayo ililiwa na mchwa katika ofisi moja. Lakini kitabu cha Daktari kilichapwa, chenye michoro iliyopakwa rangi kwa mkono, na Daktari hakuisahau ahadi yake. Katika ukurasa wa chura mhunzi imeandikwa kwamba hulia tangu mvua ya kwanza mpaka viluwiluwi wa mwisho waote miguu ya mbele, kisha hunyamaza kabisa, kama alivyoeleza Kalembo, fundi chuma. Jina limeandikwa sawasawa. Kurasa kumi na moja zinazofuata zina vyura kumi na mmoja, kila mmoja na rangi zake, vidole vyake na mifupa yake, na chini ya kila mmoja, kwa herufi ndogo, maneno yaleyale: sauti yake haijulikani.